Nachoma ganzi kila siku. Nimepangiwa kuchanja, nijue nini zaidi?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya mkoani Ruvuma. Wahudumu hawatoshi, hivyo nimepangwa kwenye timu ya kuchanja wasichana shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Sindano za ganzi nachoma kila siku, kwa hiyo kuchoma hakunipi shida. Naomba kipimo na mahali pa kuchoma. Pia, mzio mkali ukitokea, je, ganzi yangu yenye adrenalini itafaa? Shule ziko mbali, na tumeshauriwa tubebe aisipaki (vifurushi vya maji ya kugandisha) zilizoganda kabisa ili chanjo isiharibike njiani.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kipimo ni mililita 0.5, na tangu 2024 Tanzania inatoa dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. (Kwa anayeishi na VVU, WHO inashauri dozi zisizopungua 2, ikiwezekana 3. Muulize mratibu wa chanjo mapema, wala usimhoji mtoto mbele ya foleni.) Gusa ncha ya mfupa wa bega, shuka vidole viwili hadi vitatu, ingiza sindano wima katikati ya msuli. Ukichoma juu sana unaingia kwenye kiungo cha bega, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi.

Mazoea ya chumba cha meno yatakuponza sehemu mbili. Kwanza, umezoea kuvuta nyuma kidogo kuangalia kama kuna damu. Kwenye chanjo hatufanyi hivyo, wala bomba lenyewe halikuruhusu. Kishikio cha bomba la kujifunga huvutwa mara moja na kusukumwa mara moja tu. Hata ile tabia ya kuvuta hewa kwanza ili uisukume ndani ya kichupa ni marufuku: ukishaisukuma hewa, bomba limejifunga na dozi hujaichota. Pili, sindano hairudishiwi kifuniko, hata kwa mkono mmoja. Ikitoka begani inaingia moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika, na boksi likijaa robo tatu lifungwe.

Kuhusu ganzi yako yenye adrenalini, hapana, na nakuomba usiibebe kwa kazi hiyo. Piga hesabu. Katriji, yaani kichupa kimoja cha ganzi ya meno, ya mililita 1.8 yenye adrenalini 1:100,000 ina mikrogramu 18. Msichana wa miaka 10 mwenye kilo 30 anahitaji mikrogramu 300, yaani katriji karibu 17, ambazo zingemwingizia zaidi ya miligramu 600 za lidokaini. Hiyo ni sumu tupu. Beba ampuli za adrenalini 1:1000. Miaka 6 hadi 12 ni mililita 0.3, zaidi ya miaka 12 ni 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na unarudia baada ya dakika 5 kama hali haijatengemaa. Haidrokotisoni na Piriton, dawa nyingine za mzio, hazichukui nafasi yake. Kuna wahudumu wanaohangaika kutafuta mshipa ili wachome haidrokotisoni huku mtoto anakata pumzi na adrenalini ipo mezani.

Hata hivyo, shuleni utaona zaidi kuzimia kwa woga. Mtoto anapauka, anatoka jasho, mapigo yanakwenda polepole, ukimlaza na kuinua miguu anarudi. Mzio mkali huja na mapigo ya haraka na dhaifu, mara nyingi pamoja na vipele, uvimbe wa uso au pumzi yenye mluzi. Wachanjwe wameketi, wakae hapo dakika 15, na wanaosubiri zamu wasiwaone wanaochomwa.

Sasa nije kwenye aisipaki, maana hapo ndipo chanjo inapoharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Watu wamefundishwa kuogopa joto tu, basi wanabeba chanjo kama wachuuzi wanavyobeba samaki: barafu ikizidi ndiyo salama. Sivyo. Chanjo ya HPV, hii ya saratani ya mlango wa kizazi, kama ilivyo pentavalenti (ya magonjwa matano), pepopunda na homa ya ini B, imeshikizwa kwenye chembe za chumvi ya alumini ambazo ndizo zinazoushtua mwili utengeneze kinga. Ikiganda, chembe zinashikana mabonge, na ikiyeyuka hazirudi zilivyokuwa. Ukikitikisa kichupa unaweza kuona ukungu uleule mweupe. Utamchoma msichana, mkono utamuuma siku mbili, kadi itajazwa, na kinga huenda hana. Chanjo ya surua ikiharibika, mlipuko utakuumbua mapema. Saratani hii huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza, na hapo hakuna atakayekumbuka aisipaki.

Wala usitulie kwa sababu alama ya VVM, ile ya kwenye kichupa inayobadilika rangi kwa joto, bado ni nzuri. Mraba wa ndani wenye rangi nyepesi kuliko duara unakueleza habari za joto peke yake. Kichupa kinaweza kulala kimeganda usiku kucha na mraba ukabaki vilevile.

Kwa hiyo toa aisipaki kwenye friza mapema, zipange mezani bila kuzibebanisha, subiri zitoe jasho. Chukua moja uitikise karibu na sikio: ukisikia maji yanacheza na barafu inagonga ndani, iko tayari. Usihesabu dakika, kwa sababu asubuhi ya baridi Songea si mchana wa Tunduru. Zifute, zipange kwenye kuta nne za kibebeo cha chanjo, chanjo ikae katikati ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, sifongo juu. Kipimajoto kisome kati ya nyuzi 2 na 8.

Sipingi kada nyingine kuitwa kuchanja. England wafamasia wanachanja mafua chini ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, tangu 2015, na Marekani mwaka 2021 iliwaruhusu hata madaktari wa meno na wa mifugo wachanje UVIKO-19, kwa masharti ya mafunzo. Kinachoniudhi ni maelekezo ya nusu saa asubuhi ya safari, anayeelekeza akisema "ninyi sindano mnazijua". Sindano kweli wanazijua. Wauguzi wawili wa Samoa, Julai 2018, nao walizijua, wakachanganya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na dawa ya kulegeza misuli badala ya kimiminiko chake cha kuchanganyia, na watoto wawili wakafa. Siku ukihamishiwa meza ya surua-rubella, tumia kimiminiko kilichokuja na chanjo hiyo, cha kiwanda hichohicho, kikiwa kimepozwa. Ulichochanganya kinatupwa saa 6 zikitimia au kikao kikiisha, lolote litakalotangulia.

Wabaya zaidi ni wanaozunguka maofisini na makanisani na chanjo ya homa ya ini, vichupa vimelala juu ya barafu ndani ya mfuko wa rambo. Chanjo hiyo huganda kwenye takribani nyuzi nusu chini ya sifuri. Wasomaji, kabla hujakunja shati muulize anayechanja amesajiliwa wapi na kipimajoto chake kiko wapi. Asiponacho, usichomwe. Na hapa kwetu duka la dawa si mahali pa kuchomwa sindano, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Kwako tabibu: asubuhi ya safari fungua kibebeo mwenyewe. Ukikuta kichupa kimeganda, hata kimoja, usikiyeyushe. Kitenge, andika namba ya toleo, mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya kuhusu kichupa hicho na vilivyolala nacho, na msubiri jibu lake kabla msichana wa kwanza hajaketi.