Uchungu wa Verdicchio si kuharibika

Ndugu, umesema Verdicchio, ile divai nyeupe uliyofungua, imekuachia uchungu mdomoni, na Jumamosi una wageni wa kula samaki. Usiimwage! Uchungu ule mwepesi wa lozi ndiyo tabia ya zabibu hii ya mkoa wa Marche, Italia. Kwanza unapata limau na tufaa la kijani, halafu uchachu unaojaza mate mdomoni.

Ipoze hadi nyuzi 8 au 10. Mimi niliwahi kuitoa ikiwa baridi mno, harufu yote ikapotea.

Kule Ancona, mji wa Marche, huinywa na brodetto, mchuzi wa samaki mchanganyiko. Samaki wa kuchoma au kamba wa kitunguu saumu watafaa sana; nyama nzito itaifunika.

Ikinuka siki au boksi lililolowa, irudishe dukani. Mgeni anayetumia dawa amuulize daktari kwanza.