Viza ya miaka 2 si kukaa miaka 2: majibu ya maswali yenu

Wiki hii maswali mengi ni yaleyale, nimechukua machache. Mengine jamani fungueni tu pasipoti, jibu limo humohumo kwenye stika.

Mama kapata viza ya Uingereza ya miaka 2, anakuja kunisaidia mtoto. Si anakaa yote miwili?

Hapana dada. Miaka 2 ni muda ambao viza iko hai, anaingia na kutoka, ila kila akiingia mwisho ni miezi 6. Hata angepata ya miaka 10 ni hivyohivyo. Najua unachotaka kuuliza sasa, je akirudi Dar wiki mbili halafu aje tena? Hakuna sheria inayotaja siku za kukaa nyumbani kwanza, na hapo ndo watu wanapoponzeka, wanaona haijaandikwa basi ruksa. Ofisa wa Heathrow anapekua mihuri, akiona bibi yuko Uingereza kuliko kwao anasema huyu hatembei, huyu anaishi, na anaweza kumrudisha na ndege. Kukaa na mjukuu kwa muda hakuna shida, lakini kama mpango ni bibi awe yaya wa kudumu ili msilipe nasari, hayo si matembezi tena. Na hujauliza ila nakwambia: mkatie bima. Mgeni akilazwa hospitali ya serikali anatozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la kuanzia pauni 500 likikaa bila kulipwa linafika uhamiaji, viza ijayo anaweza kunyimwa kwa hilo tu.

Nikimaliza siku 90 Ufaransa nikavuka Uholanzi, zinaanza upya?

Hapana. Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni nyumba moja ya vyumba 29, ukihama chumba hujatoka.

Na nikitoka kabisa, nikae London wiki moja nirudi?

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ni siku 90 ndani ya siku 180, na hizo 180 hazijali mwaka mpya wala nini, kila siku unayokuwa mle unarudi nyuma siku 180 unahesabu umekaa ngapi, ya kuingia imo na ya kutoka imo. Umekula 90 mfululizo? Kaa nje 90. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuchukua picha na alama za vidole mipakani na kuziingiza kwenye mfumo, kwa hiyo wale wa "muhuri wangu hausomeki" mtafute hadithi nyingine.

Nikizidisha siku moja tu?

Umezidisha.

Viza yangu ya Ujerumani ni 1 Juni mpaka 15 Julai. Nafika 3 Juni, tiketi ya kurudi ni 14 Julai, niko sawa?

Hauko sawa. Kwenye picha ya stika uliyonitumia, chini ya hizo tarehe kuna idadi ya siku, imeandikwa 30. Ukiingia tarehe 3 Juni siku yako ya mwisho ni 2 Julai. Zile siku nyingine wameziweka kwa ajili ya safari ikisogea, siyo zawadi. Badilisha tiketi leo.

Niko Marekani, rafiki kasema nivuke Canada siku mbili, nikirudi napewa miezi 6 mipya.

Huyo rafiki ndo atakulipia wakili? Achana na tarehe ya viza, tarehe yako ya mwisho kukaa iko kwenye I-94, ile rekodi ya kuingia kwako Marekani, ipo mtandaoni, itazame. Ukirudi kutoka Canada ndani ya siku 30 kwa kawaida unabaki na tarehe ileile. Unataka kuongeza muda, jaza fomu ya I-539 kabla tarehe hiyo haijafika. Ukizidisha zaidi ya siku 180 halafu ukatoka, unafungiwa miaka 3, ukifika mwaka mzima ni 10. Sheria hiyo ni ya 1996, na bado kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanadanganyana eti ukiondoka mwenyewe kimyakimya inafutika.

Mimi Mkenya, nataka kwenda Arusha nimsaidie shangazi kwenye saluni yake, nahitaji viza?

Viza hapana, sisi wa Afrika Mashariki tunapewa mpaka miezi 6 bure. Ila pita Namanga ugongewe muhuri. Wapo wanaopanda boda wakapita njia za panya kukwepa foleni, siku wakikamatwa wanajitetea "nimekuja juzi", juzi ipi na pasipoti nyeupe? Halafu hiyo miezi 6 ni ya kumsalimia shangazi. Ya saluni inataka kibali cha kazi, mwambie aanze kukishughulikia kabla hujapanda basi.