Usiuze pumba yote: tulichojifunza na mashine yetu ya kusaga Kongwa

Nianze na pumba maana ndo ilitugharimu sana. Kwa miaka kama sita tulikuwa tunauza pumba yote, kila gunia, wafugaji wa kuku wa Dodoma mjini wanakuja na kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) asubuhi wanabeba, hela inaingia mkononi, na sisi nyumbani tulikuwa tunahesabu hiyo ni faida ya bure kabisa kwa sababu mteja analeta mahindi yake tunamkobolea anaondoka na sembe yake na pumba inabaki mashineni.

Wakati huo huo shamba letu la eka 9 lilikuwa linashuka. Tulitoka gunia saba za mtama kwa eka tukaja nne, mwaka mmoja mbaya tukapata mbili na nusu. Kila mtu nyumbani analaumu mvua, na ni kweli mvua ya huku tunaijua, msimu ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na Februari inaweza kukata wiki mbili tatu mazao yakiwa kwenye hali mbaya ya kuhitaji maji. Ila jirani tunayepakana naye mvua ni ile ile na alikuwa anavuna! Tofauti yake ana zizi na kila mwaka anapeleka samadi shambani. Sisi nafaka inatoka, mabua wanakula ng'ombe wa watu wanaopita, pumba inaenda mjini, hakuna kinachorudi. Baba jioni moja akasema jamani hili shamba tunalihamisha kidogo kidogo kwa kirikuu.

Basi tukakaa kama familia tukakubaliana nusu ya pumba haitoki nyumbani. Tulianza na mitamba miwili na kuku hamsini, wanakula pumba tukichanganya na mashudu ya alizeti (mashudu huku hayasumbui kupata, alizeti inalimwa sana), samadi tunairundika inaiva miezi mitatu minne kabla ya kwenda shamba. Usipeleke mbichi, itaunguza mimea na utapeleka na mbegu za magugu.

Samadi yenyewe hatumwagi shamba zima maana haitoshi. Tunachimba mashimo ya Chololo, yale yaliyoanzia kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma. Ni vishimo vidogo, sisi tunaweka sentimita 60 shimo kwa shimo na 90 mstari kwa mstari, kina kama cha mkono mpaka karibu na kiwiko, eka moja inabeba mashimo kama 7,400. Kila shimo kikopo cha samadi, udongo kidogo juu, mvua ya kwanza ikinyesha unapanda. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama sakafu, Waingereza walileta matrekta hapa 1947 walime karanga na 1951 mradi ukafungwa, ukame na ugumu wa udongo ulikuwa kati ya sababu. Sasa shimo linavunja ule ugumu pale tu mmea ulipo na maji yanaingia badala ya kutiririka yakaenda korongoni. Ni kazi ngumu sidanganyi mtu, anza na nusu eka, chimbeni taratibu kuanzia Septemba wakati shughuli nyingine zimepungua. Na mchwa watakuja, wanafuata ile samadi na mabaki, ila vile vinjia vyao navyo vinasaidia maji kushuka kwa hiyo sisi tuliacha kupigana nao kwenye mashimo.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri kama una mashine na una mifugo. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu, huku kwetu hiyo sio habari ya kusimuliwa. Ile sumu haitoki kwa kupika, ugali uive vipi bado ipo. Na ukikoboa, sehemu kubwa ya sumu inahamia kwenye pumba kwa sababu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo unaweza ukawa unajisifu sembe yako nyeupe na huku unalisha kuku na ng'ombe sumu, na ng'ombe akila inatokea kwenye maziwa mnayowapa watoto. Mimi nilipoelewa hili nililala vibaya siku kadhaa, maana tulishapokea mahindi ya kila aina bila hata kuyaangalia.

Tangu hapo hatupokei mahindi mabichi wala yenye ukungu. Kama huna kipimo cha unyevu chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kabisa kidogo na mahindi yafike kama robo ya chupa, tikisa dakika moja hivi, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji, yarudi juani kwenye turubai, sio chini kwenye vumbi. Tukinunua soko la Kibaigwa mwezi wa sita tunafanya hivyo kwa kila mzigo, maana mahindi mapya yanashuka pale kwa malori, mengine toka Kiteto, na mengi hayajakauka sawasawa. Kuna mteja wetu wa zamani nilimkatalia gunia mbili zenye ukungu, akakasirika akaenda mashine nyingine. Iliniuma maana ni mtu wa siku nyingi. Ya kwetu tukishakausha tunaweka kwenye mifuko ile ya kukaza hewa isipite, hatuweki dawa.

Umeme nisiseme sana. Tulitoka kwenye dizeli tukaingia umeme wa fezi tatu, kelele na moshi vikapungua, ila Luku (umeme wa kulipia kabla) inaweza kukumaliza kama mota inazunguka bila mzigo. Subirini madebe matano sita yafike ndo muwashe. Nyundo za ndani ya mashine zinazoponda nafaka zikiisha upande mmoja zigeuzeni, chekeche likitoboka badilisha siku hiyo hiyo, na vaeni barakoa, mdogo wangu alikohoa karibu miezi miwili kwa lile vumbi.

Kitu kingine ni dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Gunia la kilo 100 nikikoboa napata sembe kama kilo 75, nikisaga dona karibu yote ni unga na umeme wa kukoboa sijautumia. Wateja walikuwa wanasema dona ni chakula cha shule, mama akaanza kuwapikia ugali wa dona pale pale mashineni mchana na mlenda, taratibu wakaanza kuuliza. Dona saga kidogo kidogo, ile kiini ina mafuta na ikikaa sana inachacha. Na mtama msiuache, sisi tunapanda aina inayoitwa Macia, ni mfupi unawahi kukomaa, shida yake ni ndege tu, lazima watu wa kuamia, yaani kuwafukuza, wawepo.

La mwisho ni daftari. Biashara ya familia inakufa kwa sababu kila mtu anachota, shemeji kachukua kilo tano, mtoto kauza pumba gunia moja kanunua vocha, na hakuna anayejua. Sisi kila anayefanya kazi mashineni analipwa, hata mama, na pumba inaandikwa kama unga unavyoandikwa, imetoka ngapi imebaki ngapi na imeenda wapi. Hapo ndo tuliona kwamba eka mbili zenye mashimo zilitoa gunia nane na nusu kwa eka msimu uliopita, na ile ya pembeni yake isiyochimbwa gunia nne. Wale wa kirikuu bado wanakuja, wanapata nusu yao na bei tumeipandisha kidogo kwa sababu wanajua mahindi yetu yamepimwa. Eka ya tatu tunachimba Septemba hii.