Maswali yenu: Simu bei kali, na mayunite yanaenda wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi sana, na karibu zote zinalia juu ya simu. Bei, makato ya mayunite (salio ya simu), simu za kuibiwa. Nimechukua nne. Ile barua ndefu ya kutukana sitaichapa, lakini mwenye kuiandika ajue niliisoma mpaka mwisho na hasira yake ninaielewa.

Yaya, salamu. Mimi ninauzisha mboga soko ya Katuba, hapa Lubumbashi. Mutoto wangu iko anasoma, mwalimu anatuma masomo kwa WhatsApp, njo nikaenda mujini kumutafutia simu ya kuingia intaneti. Ile ya chini kabisa waliniambia dola 75, nikabishana mpaka 68, karatasi hawakunipa, na ni makuta ya miezi mingi. Sasa ninauliza hivi: kobalti ya batri inatoka hapa Kolwezi, bwana yangu alichimba kule miaka 5. Namna gani sisi wenye mawe tunalipa bei kali hivi? – Mama wa Katuba

Mama, pole kwa hiyo hesabu ya mboga kwa mboga, na umusalimie bwana. Swali lako nimelibeba siku tatu, na jibu lake haitafurahisha, hata mimi liliniumiza.

Batri ya simu ya kawaida iko na kobalti kidogo sana, gramu 5 mpaka 10 hivi. Tuchukue 10. Bei ya kobalti huko kwenye soko ya dunia inapanda inashuka kama homa: mwaka 2018 tani moja ilikaribia dola 95,000, kisha ikaanguka mpaka serikali yetu ikaamua mwezi wa 2 mwaka 2025 kusimamisha kuitoa inje, na mwezi wa 10 wakaanza kugawa kipimo kwa kila kampani. Basi tuseme kilo moja ni dola 40. Gramu 10 inafanya senti 40. Yaani ndani ya zile dola 68 ulizotoa, jiwe la bwana yako halifiki hata nusu dola, na nchi yetu njo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Hata wangetupatia kobalti bure kabisa, simu ya mutoto ingeshuka kwa hizo senti tu.

Bei inakaa kwa vile hatuvishiki mukononi. Jiwe linatoka hapa likiwa unga, linaenda kusafishwa zaidi Uchina, kule njo wanatengeneza batri, kioo, memori, na kile kichipi kidogo kinachofikiria ndani ya simu. Wanaweka jina la maraka juu. Kisha inarudi: kwa bato mpaka Dar es Salaam ao Durban, ao kwa ndege kupitia Dubai, lori inavuka Zambia, inafika mupakani Kasumbalesa, hapo duane (ushuru wa forodha) inaingia, na juu ya bei yenye duane ndani wanahesabu tena TVA (kodi ya ongezeko la thamani) 16%, ile iliyoanza mwezi wa 1 mwaka 2012, kwa hiyo unalipa kodi juu ya kodi. Kisha mwenye kununua kwa jumla anaweka yake, mwenye magazini mujini analipa nyumba kwa dola na yeye anaweka yake, na wewe unakuja wa mwisho na mfuko wa mboga.

Kitu kimoja tu Mama, uliniambia hawakukupa karatasi. Rudia kule ukiwa na yule mutoto, omba fakitire yenye namba ya IMEI ya simu (namba ya kuitambulisha kila simu) na siku za garanti. Wakikataa, waulize kwa sauti mbele ya wateja wengine. Dola 68 inastahili karatasi.

Yaya, niko mwanafunzi Kasapa. Kila nikiingiza mayunite yanapungua bila kupiga simu. Baba anasema ni RAM, yale makato ya simu ya zamani, eti haikuisha, walibadilisha jina tu. Ni kweli? – Mwanafunzi, mwaka wa pili

Hapana mudogo wangu, lakini baba yako nisimuite muongo, kwa sababu mutu aliyeumwa na nyoka anaogopa kamba, na RAM ilituuma.

Kwa wale walikuwa wadogo: RAM ni registre ya maapareye ya mukononi, yaani orodha ya simu, ilianzishwa mwaka 2020 chini ya ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na telekomu. Simu ya 2G, ile ya torshi ya bibi kijijini, ililipa dola 1 kwa mwaka. Ya 3G na kupanda, dola 7. Hawakukuita kwenye biro ukalipe, hapana, walikata kwenye mayunite kidogo kidogo, umenunua mayunite ya kumupigia mugonjwa hospitali unakuta imepungua mbele hujasema alo. Dola 7 kwa simu uliyonunua okazyo dola 40, mwaka kwa mwaka! Watu walipiga kelele mujini na kwenye intaneti, wabunge wakamuhoji waziri wa wakati ile, Augustin Kibassa Maliba, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa.

Sababu waliyotupa ilikuwa nzuri, kupigana na simu za bandia na wizi. Hiyo mimi sikuikataa na sasa pia siikatai. Lakini angalia majirani: Tanzania mwezi wa 6 mwaka 2016 walizima simu za bandia, mbele ya hapo watu walikuwa wanatuma namba ya IMEI kwa 15090 kujua kama simu yao ni ya kweli. Hawakuingia kwenye salio ya mutu kumukata kila mwaka. Kwa hiyo kazi ile inawezekana bila kugusa mayunite ya mwanafunzi. Na mimi bado ninadai hesabu, franka kwa franka, ya kilichoingia ile miaka na kilichofanyiwa, iandikwe kwa lugha ambayo mama wa Katuba anaweza kusomewa na mutoto wake. Makuta yalikuwa yake.

Sasa mayunite yako. Mara nyingi ni vitu vitatu. Kwanza forfe (kifurushi) ya intaneti imeisha lakini data imebaki wazi, simu inaendelea kuvuta mega na inakula salio, kwa hiyo zima data forfe ikiisha. Ya pili, kuna huduma za mesaji, mashairi ya mapenzi, matokeo ya mpira, uligusa siku moja bila kujua na sasa wanakata kila siku. Ya tatu, ulikopa mayunite ukasahau, wanajilipa. Piga huduma ya wateja ya kampani yako, uliza "niko nimejiandikisha kwa huduma gani?", waziondoe zote. Andika tarehe, saa, na namba ya malalamiko watakayokupa. Wakikuzungusha, andika barua kwa ARPTC na uweke hizo tarehe ndani, kwa sababu kusikiliza watumiaji ni kazi yao, hawakufanyii zawadi. Barua yenye tarehe na kiasi wanashindwa kuitupa hivihivi, ile ya "munatuibia" peke yake wanaitupa.

Ni kweli simu ya upande wa Zambia ni nafuu? Nikinunua itashika rezo (mutandao) ya huku? – Dereva, njia ya Kasumbalesa

Itashika, wao na sisi tuko kwenye GSM, aina moja ya rezo, ila hakikisha haikufungwa kwa kampani moja ya kule: weka sim kadi yako ya Congo ndani mbele ya kulipa. Nafuu inategemea siku. Garanti haivuki mupaka, duane wanaweza kukuuliza, na shajere yake ina miguu mitatu ya kiingereza, utatafuta adapta. Ukijumlisha yote, tofauti ya dola 5 inakuwa imeisha njiani.

Ndugu muhariri, waliniibia simu jioni kwenye basi la Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi. Nilienda kwa kampani ya rezo, kijana pale akaniambia hakuna cha kufanya, "nunua ingine Baba". Ndani kulikuwa makuta ya wanafunzi wa kanisa, karibu dola 120 kwenye akonti ya simu. – Baba, Kamalondo

Baba, heshima kwako, na yule kijana alikukosea. Kulikuwa cha kufanya tena haraka: simu ikiibiwa, saa ileile azima simu ya jirani, piga kampani, wafunge namba na akonti ya makuta pamoja. Akonti inakaa kwenye namba, haikai ndani ya apareye, kwa hiyo ukirudishiwa sim kadi yako kwa kuonyesha kitambulisho, makuta ambayo mwizi hajagusa utayakuta. Rudi kesho asubuhi, usiongee na kijana, omba mukubwa wake, beba karte ya uchaguzi na PV ya polisi (karatasi ya kuripoti wizi). Omba orodha ya matumizi tangu saa ya wizi, uone kama kuna makuta yalitoka na yaliingia namba gani. Hiyo orodha polisi pia watakuomba.

Simu yenyewe, sitakudanganya, kuirudisha ni ngumu. Kama uko na boksi lake bado, IMEI imeandikwa pembeni, tarakimu 15, itie ndani ya PV. Kama boksi ulitupa, basi ile simu nyingine ya nyumbani, ya mama watoto, bonyeza *#06# namba itatokea kwenye kioo. Iandike leo jioni, nyuma ya daftari ya shule kama karatasi hakuna, na usiiweke ndani ya simu ileile.