Jibu: Nikikaa kimya mawazo ndiyo yanazidi, nifanyeje?

Mkuu, umesema kila ukizima simu na kukaa kimya, mawazo yanakuja kwa fujo kuliko ukiwa kazini, ukahisi labda una tatizo. Huna. Yalikuwepo mchana kutwa, pilikapilika za kazi ndizo zilizoyafunika. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walichapisha utafiti ambao watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, saa yoyote ya siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu 47% ya nyakati hizo akili ilikuwa kwingine kabisa.

Wengi wanaojaribu zoezi la kutuliza akili (meditation) hukata tamaa kwa kudhani lengo ni kichwa kitupu. Hicho hakipo. Unachagua kitu kimoja cha kushika, akili inaondoka, unashtuka kwamba imeondoka, unairudisha. Kule kushtuka ndiko zoezi lenyewe, kwa hiyo siku uliyovurugwa sana ndiyo uliyofanya mazoezi mengi. Mimi hushika pumzi puani. Nahesabu kila inapotoka, 1 hadi 10, halafu naanza upya, kama wanavyofundishwa wanaoanza Zen, tawi la dini ya Buddha, kule Japani. Mara nyingi sifiki hata 4, najikuta napiga hesabu za kodi ya nyumba au namjibu mtu aliyeniudhi mwaka juzi (na humo kichwani huwa namjibu vizuri kweli!). Narudi 1, basi. Ukianza kujitukana hapo umejiongezea wazo jingine la kuhangaika nalo.

Usisubiri pawe kimya. Nakaa Mbagala: bodaboda, baa, redio ya jirani. Sauti yenyewe hupita. Kinachokaa ni maneno tunayoyatunga juu yake: "huyu jamaa hana adabu, kesho namfuata mwenye nyumba."

Miguu si lazima uikunje. Kiti cha plastiki kinatosha, nyayo chini, mgongo usiegemee. Ukipenda mkeka, kalia mto ili magoti yashuke, la sivyo utaishia kuwaza ganzi tu. Ukisinzia, fumbua macho nusu. Dakika tano alfajiri, kabla hujashika simu, zinatosha kuanzia.

Aliyeuliza hapo juu kama huku ni kuingia dini ya watu: ndugu, kama pumzi inakutia wasiwasi, iache. Mwislamu anao uradi wa baada ya swala, Subhanallah 33 kwenye pingili za vidole, ila uusome taratibu, si kwa mbio za kuwahi daladala. Mkristo ashike mstari mmoja wa Zaburi. Akili itatoroka vilevile, nawe utairudisha vilevile.

Ila mkuu, kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, au ukitulia tu yanakurudia mambo ya kutisha hadi moyo unaenda mbio, usikae nayo peke yako chumbani. Nenda hospitali ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili. Si ya vichaa, kama mtaani wanavyosema.