Jibu: Kaunti imekataa kunipa nakala za kandarasi

Salaam ndugu. Kwa hiyo uliomba kandarasi ya barabara, karani akataka kwanza ueleze unaitakia nini. Hilo huwajibiki kulijibu. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 haikulazimishi kutoa sababu. Angalia kwanza kama nakala ya ombi lako ina muhuri na tarehe ya kupokelewa, kwani wana siku 21 za kukujibu, nawe utazithibitisha kwa karatasi hiyo. Huna? Peleka jingine, hata kwa Kiswahili, inaruhusiwa. Kuomba ni bure, utalipia kunakili tu. Wakikataa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Ombudsman, ile tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Mimi faili langu “lilionekana” ghafla baada ya kutaja tu jina hilo.