Maswali ya wasomaji: Taiti saba za nini?

Tangu Kilimanjaro Marathon ipite, simu yangu imejaa maswali ya nguo za mazoezi. Leo nayajibu haya.

Nilianza jogging Januari. Nimeshanunua taiti saba pale soko la mitumba la Memorial, elfu tatu mpaka elfu tano moja, lakini kila asubuhi nachukua mbili zilezile. Mwezi ukiisha sijui hela imeenda wapi. – Dada wa Pasua, Moshi

Imeenda Memorial, dada yangu, na umeipeleka mwenyewe kidogo kidogo. Taiti saba, tuseme kwa elfu nne nne, ni elfu ishirini na nane. Tano zimelala kabatini, maana yake elfu ishirini haijakimbia hata hatua moja.

Nimesema mara nyingi na nitaendelea kusema: mtumba unatuumiza kwa sababu bei yake inatuondolea swali. Dukani kwenye vioo ungejiuliza mara tatu. Mbele ya rundo la elfu tatu hujiulizi, unaogopa tu kwamba ukiiacha mwenzako ataibeba. Anayekimbia siku nne kwa wiki anatosheka na taiti mbili, fulana tatu, sidiria mbili za michezo na jozi nne za soksi, mradi afue akirudi. Andika kwenye daftari kila nguo uliyonayo na mara ulizoivaa mwezi huu. Ambazo hazina alama, wape wadogo zako au uza. Na siku ya kufungua belo usikanyage sokoni bila orodha. Nimeona watu wakikopa kwenye kikoba kulipa ada ya mtoto huku kabati halifungiki.

Pamba au poliesta? – Wasomaji wengi, Arusha na Moshi

Hili nimelijibu mwaka jana na mwaka juzi. Pamba inakunywa jasho na kubaki nalo: inakuwa nzito, inakwaruza, na kwa baridi ya Arusha ya Julai ukisimama kidogo tu unatetemeka. Poliesta hainywi jasho namna hiyo, linasambaa na kukauka upesi. Kwa kutembea nusu saa au mazoezi ya sebuleni, fulana ya pamba uliyonayo inatosha, usinunue kitu. Ukifika kilomita 10, tafuta poliesta. Ubaya wake ni kushika harufu, kwa hiyo iloweke kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya sabuni, na usiiache kwenye begi mpaka jioni. Lebo iko ndani, shingoni au ubavuni. Isomeni kabla ya kuniandikia.

Taiti ilikuwa nzuri sokoni. Nyumbani nikiinama inaonyesha kila kitu. – Mama wa Ngarenaro, Arusha

Pole mama. Siku nyingine ingiza mkono ndani, ivute, iinue kwenye mwanga. Ukiviona vidole vyako, na watu watakuona. Kisha iachie: ikirudi taratibu au ikabaki na mawimbi, mpira wake umekufa. Mpira huo ndio lebo huuita elastane au spandex, ni kitu kimoja. Vijiuzi vyeupe vikichomoza kwenye mishono, irudishe mezani. Muuzaji asiyekuruhusu kuvuta, mwache. Na hiyo utakayopata, usiichemshe, usiipige pasi, usiitie Jik. Ianike kivulini.

Mapaja yananichubuka. Ninunue kaptura maalumu? – Kijana wa Soweto, Moshi

Paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Yakishindwa, ndipo ununue.

Klabu yetu ya jogging inataka sare ya tatu mwaka huu, elfu ishirini na tano kila mtu. Nikikataa nitaonekana sina umoja. – Mwanachama, Njiro, Arusha

Kataa, na ukatae kwenye kikao, usinung'unike pembeni. Klabu hizi nazipenda, zimewatoa kitandani watu waliokuwa wameshakata tamaa na miili yao. Ndiyo maana inaniuma kila bonanza linapodai fulana yake. Wanachama arobaini kwa bei hiyo ni milioni moja. Milioni moja inanunua sanduku la huduma ya kwanza na kulipia nauli na usajili wa wanachama wasio na uwezo Moshi inapoandaa mbio zake. Badala yake inakuwa vitambaa vyenye chapa nzito ya plastiki kifuani, inayoziba jasho mahali linapotoka kwa wingi.

Kuna mama ninayemfahamu aliyeacha kuja Jumamosi. Miguu yake ni mizima. Aliona aibu kusimama kwenye picha na fulana ya mwaka jana. Pendekeza rangi moja isiyo na tarehe wala jina la tukio, ikae miaka mitatu, na mgeni aruhusiwe kuja na fulana yoyote.

Raba za mtumba zinafaa? – Baba wa Usa River

Hapa ndipo ninapokubali mtu atoe hela, mzee wangu. Povu la soli huisha kwa kilomita. Kwa kawaida raba ya kukimbia huhesabiwa kilomita 500 hadi 800, na ya mtumba hujui imeshatembea ngapi. Inaweza kung'aa juu na soli ikawa imekwisha. Bonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, waachie. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikilala upande mmoja, goti lako ndilo litakalolipa. Nenda jioni miguu ikiwa imejaa, jaribu na soksi utakazokimbilia, na mbele ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Ukishaifua usiianike juu ya bati, gundi inaachia.